Umri wa brandi ya Cognac na namna unavyohesabiwa

Chupa ya brandi ya Cognac kwa kawaida haiandikwi miaka. Huandikwa herufi: VS, VSOP, XO, na mara nyingine jina la Napoléon, ambalo mnunuzi anaweza kudhani ni la mtengenezaji, kumbe ni daraja la umri. Anayeuliza dukani kinywaji hicho kina miaka mingapi hupewa majibu yanayopishana, kwa sababu ndani ya chupa moja zinaweza kuwamo brandi za miaka kumi, ishirini na arobaini zilizochanganywa pamoja. Kwa kuwa bei hupanda kwa kadiri ya umri, ni haki ya mnunuzi kujua umri huo huanza kuhesabiwa lini, hukoma lini, na humaanisha nini kwa kilichomo ndani ya chupa. Majibu yake yametawanyika katika kazi yote ya utengenezaji, kuanzia udongo wa shamba hadi karatasi za serikali, na ndiyo maana inafaa kuifuata kazi hiyo hatua kwa hatua.

Cognac ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, kaskazini mwa Bordeaux, kando ya mto Charente unaotiririka hadi bahari ya Atlantiki. Hapo ndipo alipozaliwa Mfalme François wa Kwanza mwaka 1494, na hapo pia alizaliwa Jean Monnet mwaka 1888, mtoto wa mfanyabiashara wa brandi ambaye baadaye akawa mmoja wa waasisi wa umoja wa nchi za Ulaya. Mipaka ya eneo linaloruhusiwa kutumia jina hilo iliwekwa kwa amri ya serikali ya tarehe 1 Mei 1909, na mwaka 1936 jina likapewa ulinzi kamili wa kisheria. Tangu hapo, brandi ya zabibu iliyotengenezwa nje ya mipaka hiyo, hata ikiwa kwa mizabibu ileile na mitambo ileile, haiwezi kuitwa Cognac. Msomaji wa Afrika Mashariki asiichanganye na Konyagi ya Tanzania, ambayo ni pombe nyeupe isiyozeeshwa na isiyohusiana nayo kwa namna ya kutengenezwa.

Utajiri wa kwanza wa eneo hili ulikuwa chumvi. Meli za kutoka kaskazini mwa Ulaya zilifika pwani ya Charente kununua chumvi, na zilipokuwa zikipakia zilichukua pia divai. Divai hizo zilikuwa nyepesi na nyingi ziliharibika safarini, basi Waholanzi, waliokuwa wamezoea kuchemsha divai ili kupata pombe kali, wakaona ni nafuu kuikeneka, yaani kuichemsha mpaka pombe igeuke mvuke, kisha kuupoza mvuke huo uwe kimiminika tena. Kilichopatikana kilichukua nafasi ndogo melini na hakikuharibika. Katika karne ya 17 wenyeji wa Charente walianza kukeneka mara mbili badala ya mara moja. Brandi iliyosubiri bandarini au ghalani ndani ya mapipa ya mbao ilikuja kuonekana kuwa imebadilika rangi na kupungua ukali, na pole pole kusubiri huko, kulikoanza kama adha ya biashara, kukawa ndiyo kiini cha biashara yenyewe.

Wageni waliendelea kuwa na mkono mkubwa. Jean Martell, aliyetoka kisiwa cha Jersey, alianzisha kampuni yake mwaka 1715. Ya Rémy Martin, mwenyeji wa eneo hilo, inahesabu mwanzo wake kuwa 1724. Na Richard Hennessy, Mwairishi aliyewahi kuwa askari katika jeshi la mfalme wa Ufaransa, alianza biashara mwaka 1765. Wateja wao wakubwa walikuwa London na Dublin, na hiyo ndiyo sababu madaraja ya kinywaji hiki yameandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza. VSOP, kwa mfano, kifupi cha Very Superior Old Pale, ni daraja ambalo kampuni ya Hennessy inalihusisha na agizo la mwaka 1817 kutoka kwa mtawala wa Uingereza wa wakati huo, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne.

Turudi shambani, kwa kuwa jambo la kwanza linalomshangaza mtu anayechunguza Cognac ni kwamba divai inayotumika ni divai ambayo watu wengi wasingependa kuinywa. Karibu mashamba yote yamepandwa aina moja ya mzabibu mweupe, Ugni Blanc, ambao Waitalia wanaufahamu kwa jina la Trebbiano. Zabibu zake huchelewa kuiva katika hali ya hewa ya Charente, kwa hiyo huvunwa zikiwa na sukari kidogo na uchachu mwingi. Divai yake huwa na kilevi cha takriban asilimia 9 au 10 tu, na uchachu wake unaufanya mdomo ujikunje. Udhaifu wote huu una kazi yake. Uchachu huikinga divai isiharibike katika miezi ya baridi kabla ya kukenekwa, na kinga hiyo ni ya lazima kwa sababu sheria inakataza kutia dawa ya salfa ambayo watengenezaji wa divai huitegemea. Salfa ikiingia kwenye mtambo hujikusanya na kuharibu harufu. Uchache wa kilevi nao unamaanisha kwamba zinahitajika lita nyingi za divai, takriban lita tisa, ili kupata lita moja ya brandi changa, na kadiri divai inavyokuwa nyingi ndivyo harufu ya zabibu inavyokusanyika ndani ya lita hiyo moja. Divai iliyoiva vizuri, yenye kilevi kingi na ladha tamu, ingetoa brandi iliyopooza.

Ugni Blanc haukuwa mzabibu wa asili wa kazi hii. Hadi karne ya 19 uliotawala ulikuwa Folle Blanche, ambao wajuzi wengi bado wanausifu kwa harufu ya maua. Kilichouondoa ni filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi, aliyevuka bahari kutoka Marekani na kuifikia Charente katika miaka ya 1870. Eneo lililokuwa na takriban hekta 280,000 za mizabibu lilibaki na hekta 40,000 hivi kufikia mwaka 1893. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha: tawi la mzabibu wa Ulaya linaunganishwa juu ya shina lenye mizizi ya mzabibu wa Marekani, ambao umezoea kuishi na mdudu huyo. Lakini mashina mengi ya Marekani yaligeuka manjano na kufa yalipopandwa kwenye udongo wa chokaa wa Cognac. Mwaka 1887 serikali ya Ufaransa ilimtuma mtaalamu Pierre Viala kwenda Marekani kutafuta mzabibu unaovumilia chokaa, na huko Denison, Texas, akakutana na T. V. Munson, mtafiti wa mizabibu ya porini, aliyemwelekeza kwenye jamii ya Vitis berlandieri inayoota kwenye vilima vya chokaa vya Texas. Mashina yaliyotokana na jamii hiyo ndiyo yaliyouokoa mkoa mzima, na Ufaransa ilimpa Munson nishani mwaka uliofuata. Kwa bahati mbaya Folle Blanche, ukishabebeshwa, hutoa vichala vilivyobanana mno na huoza upesi kwa ukungu. Wakulima wakauacha na kuchukua Ugni Blanc, na hivyo Cognac wanayoisifu watu leo kuwa ya kale imetokana na mti uliotanda mashambani baada ya janga, juu ya mizizi ya Texas.

Udongo nao unaingia moja kwa moja katika suala la umri. Katika karne ya 19 mwanajiolojia Henri Coquand aliuchunguza udongo wa eneo hilo, na kwa msingi wa kazi kama yake eneo likagawanywa katika kanda sita, ambazo sheria ilizithibitisha mwaka 1938. Ya katikati inaitwa Grande Champagne, jina lisilohusiana na mkoa wa divai yenye mapovu. Udongo wake wa chaki laini hutoa brandi nyepesi yenye harufu ya maua, ambayo ikiwa changa haina mvuto na huhitaji miongo ya kukaa kwenye pipa. Inaizunguka Petite Champagne, na mchanganyiko wa kanda hizo mbili wenye angalau nusu kutoka Grande Champagne huitwa Fine Champagne. Borderies, kanda ndogo kuliko zote, ina udongo wa mfinyanzi wenye mawe ya gumegume, na brandi yake hukomaa mapema zaidi ikinukia kama maua ya urujuani. Fins Bois huiva upesi na kuwa na ladha ya matunda, na nyuma yake zipo Bons Bois na Bois Ordinaires kuelekea baharini. Kwa hiyo miaka kumi ya brandi ya Fins Bois na miaka kumi ya brandi ya Grande Champagne si umri mmoja. Ya kwanza huenda imekwisha kukomaa na ya pili bado inaanza.

Baada ya mavuno ya Septemba na Oktoba, divai huchachuka kwa wiki chache, kisha mitambo huwashwa. Mtambo wa Charente ni chungu cha shaba nyekundu kilichokaa juu ya moto wa wazi, kikiwa na kichwa mviringo kama kitunguu, na juu yake bomba refu lililopinda linaloingia ndani ya tangi la maji baridi na kujizungusha humo mpaka chini. Divai huchemshwa mara ya kwanza na kutoa kimiminika chenye ukungu chenye kilevi cha asilimia 28 hadi 32. Kimiminika hicho hurudishwa chunguni, na uchemshaji huu wa pili, unaochukua takriban saa kumi na mbili, ndio unaoamua kila kitu. Matone ya kwanza ni makali na yananuka vibaya. Huitwa vichwa na hutengwa. Baada yake hutoka brandi safi, inayoitwa moyo, ikianza na kilevi cha karibu asilimia 78 na kushuka taratibu. Mkenekaji akiona imefika karibu asilimia 60 hukata tena, na kinachofuata hurudishwa kuchemshwa upya. Akikata mapema anapata brandi laini isiyo na mwili wa kustahimili miaka mingi, na akichelewa anaingiza harufu nzito ambazo pipa halitaziondoa. Kipimo cha kilevi anacho, lakini wakenekaji wazoefu husikiliza zaidi pua zao, na kwa kuwa mitambo haizimwi usiku, ilikuwa kawaida kwao kulala kando yake msimu mzima. Shaba yenyewe inafanya kazi, kwani hushika mabaki ya salfa na baadhi ya asidi za mafuta ambazo zingeacha harufu mbaya.

Sheria inadai uchemshaji wote ukome tarehe 31 Machi. Tarehe hii ni muhimu kwa hesabu yetu, kwa sababu saa ya umri huanza siku ya pili yake, tarehe 1 Aprili, kwa brandi yote ya mavuno yaliyotangulia, iwe ilikenekwa Novemba au wiki iliyopita. Siku hiyo brandi huingia daraja la sifuri, na kila tarehe 1 Aprili inayofuata hupanda daraja moja, ilimradi imebaki ndani ya pipa la mwaloni.

Mwaloni hutoka hasa katika misitu miwili. Limousin hutoa mbao zenye nyuzi pana zinazoachia tanini nyingi, yaani vitu vya mbao vinavyokausha ulimi. Tronçais, msitu ambao waziri Colbert aliuwekea utaratibu katika karne ya 17 ili Ufaransa ipate mbao za manowari, hutoa mbao zenye nyuzi nyembamba na tanini laini. Magogo hupasuliwa kufuata nyuzi, maana yakikatwa kwa msumeno kinyume cha nyuzi pipa litavuja, na vipande huachwa nje kwenye mvua na jua kwa takriban miaka mitatu. Pipa likiungwa huchomwa ndani kwa moto, na moto huo huvunja ugumu wa mbao na kuamsha vitu vinavyonukia vanila na viungo. Brandi changa, ambayo haina rangi kama maji, hukaa miezi ya kwanza kwenye pipa jipya na kuchota rangi na tanini haraka, kisha huhamishiwa mapipa ya zamani ambayo hayana tena cha kutoa isipokuwa upenyo wa hewa. Hapo kazi ni ya oksijeni. Miaka inavyopita ukali hupungua, na baada ya mwongo mmoja au zaidi hutokea harufu ambayo Wafaransa wanaiita rancio, yenye kukumbusha uyoga, jozi na ngozi kuukuu. Harufu hiyo haipatikani kwa njia ya mkato yoyote, na binafsi naiona kuwa ushahidi pekee wa umri ambao mnywaji anaweza kuuthibitisha mwenyewe.

Hewa inayoingia hutoka na kitu. Takriban asilimia 2 ya brandi iliyomo mapipani huyeyuka kila mwaka, na watu wa Cognac wanaiita fungu la malaika. Mvuke huo hulisha kuvu nyeusi inayofunika kuta na mapaa ya maghala, kiasi kwamba mpita njia anatambua penye brandi bila kibao. Mfamasia wa hapo, Antonin Baudoin, aliichunguza mwaka 1872, na leo wanasayansi wanaiita kwa jina lake, Baudoinia compniacensis. Ghala lenyewe pia hubadilisha matokeo: penye ukavu maji huyeyuka zaidi na brandi hubaki kali na kavu, penye unyevu karibu na mto kilevi hupungua zaidi na brandi huwa laini. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja kutoka chungu kimoja, likiwekwa moja juu ya dari na jingine sakafuni kando ya mto, hayatakuwa sawa baada ya miaka ishirini.

Sasa herufi zinaweza kueleweka. VS ni brandi ambayo iliyo changa kuliko zote ndani ya mchanganyiko imekaa kwenye mwaloni angalau miaka 2. VSOP ni miaka 4. Napoléon ni miaka 6. Na XO ni miaka 10. Kiwango cha XO kilikuwa miaka 6 hadi tarehe 1 Aprili 2018 kilipopandishwa, hivyo XO iliyojazwa chupani kabla ya hapo na ile ya baadaye hazitoi ahadi moja. Herufi hutaja umri wa mdogo wa wote na kunyamaza kuhusu wengine. Kampuni moja inaweza kutia ndani ya XO brandi za miaka arobaini, nyingine ikaridhika na kumi na moja, na lebo zao zikafanana. Anayehakiki miaka ni taasisi ya pamoja ya wakulima na wafanyabiashara, BNIC, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo kumbukumbu zake hufuatilia mavuno yote. Rangi isimdanganye mtu, kwa kuwa sheria inaruhusu kutia karameli, sukari kidogo na maji yaliyochemshiwa vipande vya mwaloni. Wapo wazalishaji wanaokataa kutumia vitu hivyo, na nadhani wangestahili kusikika zaidi, maana mnunuzi aliyefundishwa kuamini kuwa weusi ni uzee amefundishwa vibaya.

Umri hukoma brandi inapoondoka kwenye mbao. Baada ya miaka hamsini au sitini mwaloni huanza kuifanya brandi kavu na chungu, kwa hiyo msimamizi wa ghala huihamishia kwenye madumu makubwa ya kioo yaliyofumwa ukili, na huyaweka katika chumba kilichofungwa ambacho kampuni nyingi hukiita Paradis, yaani Peponi. Ndani ya kioo haibadiliki tena. Vivyo hivyo, chupa ya XO iliyofichwa kabatini kwa miaka thelathini bado ina miaka ileile iliyokuwa nayo siku ilipozibwa, na atakayeuziwa kwa bei ya juu kwa madai kuwa imezeeka chupani ameibiwa.

Anayekusanya yote haya ni mchanganyaji mkuu. Katika kampuni ya Hennessy kazi hiyo imeshikwa na familia ya Fillioux kwa vizazi vinane, na kamati yao ya waonjaji hukutana saa tano asubuhi, wakati ulimi ungali safi, kuonja maelfu ya sampuli kwa mwaka. Kazi yao ni kuhakikisha chupa ya mwaka huu ina ladha ya chupa ya mwaka jana ingawa mavuno hayakufanana, na pia kuamua ni mapipa gani yaachwe kwa ajili ya watakaowarithi. Pia kilevi hushushwa kutoka takriban 70 hadi 40 kwa kuongeza maji safi kidogo kidogo kwa miaka, kwani maji yakimiminwa kwa pupa brandi huvurugika.

Kusini zaidi, Gascony, ipo brandi ya Armagnac ambayo maandishi yake ni ya zamani kuliko ya Cognac, yakirudi hadi karne ya 14. Kwa kawaida yenyewe hukenekwa mara moja tu kwenye mtambo wa mfululizo, hutoka na kilevi kidogo na harufu nzito zaidi, na huuzwa mara nyingi kwa mwaka wa mavuno ulioandikwa wazi kwenye lebo. Haikuwa na mto wa kuifikisha baharini kwa urahisi, na ndiyo sababu haikupata umaarufu wa jirani yake.

Bahari hiyo iliyoitajirisha Cognac ndiyo pia inayoifunga. Zaidi ya asilimia 95 ya brandi yake huuzwa nje ya Ufaransa, Marekani na China zikiwa mbele. Januari 2024 China ilianza kuchunguza madai kwamba brandi ya Ulaya inauzwa kwake kwa bei ya kutupa, na Julai 2025 ikaiwekea ushuru wa hadi asilimia 34.9 kwa miaka mitano, ikiwaacha nje wazalishaji waliokubali kutouza chini ya bei iliyowekwa. Marekani nayo ikapandisha ushuru wa bidhaa za Ulaya. Kiwanda cha bia kingepunguza uzalishaji ndani ya mwezi mmoja, ila mkulima wa Charente hana nafasi hiyo. Aliyepanda mzabibu mwaka 2020 alipata mavuno ya maana mwaka 2023, brandi yake ikaanza kuhesabiwa tarehe 1 Aprili 2024, na haiwezi kuingia kwenye chupa ya XO kabla ya tarehe 1 Aprili 2034. Mpaka siku hiyo lazima alipie mapipa, ghala na fungu la malaika, kwa kinywaji ambacho mnunuzi wake hajulikani bado.